Mpira wa shanti una matundu 16, mbona unaziba wote?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi wa visima hapa Singida. Binti yangu ana miaka mitatu. Wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa aliugua homa kali, kisha kichwa kikaanza kukua kwa kasi, akawekewa shanti, ule mpira wa kutoa maji yaliyozidi kwenye ubongo na kuyapeleka tumboni, akiwa na miezi mitano. Mwezi uliopita alianza kutapika na kusinzia ovyo, tukamrudisha hospitali, wakakuta shanti imeziba. Walibadilisha mpira wa juu tu, ule unaoingia kwenye ubongo. Niliomba kuuona ule wa zamani. Nilihesabu matundu 16. Manne ya juu, upande wa vali (kile kifaa cha juu ya fuvu kinachopima maji yanayotoka), yalikuwa na kitu kama nyama. Ya nchani yalikuwa safi kabisa. Sasa nauliza: kama matundu 12 yalikuwa safi, mpira mzima uliziba vipi? Na kwa nini wanaotengeneza wasiongeze matundu, au wasiyafanye makubwa, au wasiuvalishe chujio kama sisi tunavyofanya kwenye visima?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana kwa mliyopitia. Umefanya vizuri kuomba kuuona mpira wenyewe. Ulichokiona kwa macho yako ndicho kiini cha tatizo, na wahandisi wa vifaa hivi wanakihangaikia hadi leo.

Nianze na swali lako la kwanza. Matundu yale 16 si njia 16. Yote yanamwaga kwenye njia moja ya ndani, yenye upana wa milimita moja na kitu, na njia hiyo ina sehemu moja tu ya kutokea, upande wa vali. Maji yanayoingia nchani ni lazima yapite ndani ya mpira, mbele ya matundu ya juu, ndipo yafike kwenye vali. Ile nyama uliyoiona haikukaa mlangoni tu. Ilipenya kwenye tundu ikaota ndani ya njia. Mipira ya namna hiyo tunapoipasua kwa wembe kwa urefu wake, mara nyingi tunakuta kishada cha rangi ya waridi iliyofifia, chenye vishipa vyembamba vya damu, kimeingia kwa matundu mawili au matatu yanayotazamana na kukutana katikati. Milimita chache chini yake njia iko wazi, inang'aa kama siku ulipotoka kiwandani. Matundu 12 ya binti yako yalibaki safi lakini hayana kazi, kwa sababu kizuizi kilikaa kati yao na vali. Safu ya juu ikishapenywa, umepoteza mpira mzima.

Linabaki swali la kwa nini mara nyingi safu hiyo ndiyo huanza. Jibu lina pande mbili: jinsi vyumba vya maji vya ubongo vilivyokaa, na jinsi maji yanavyochagua tundu la kuingilia.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vya maji, tunaviita ventrikali. Viwili vikubwa viko pembeni, kimoja kila upande wa ubongo. Cha tatu ni chembamba, kiko katikati kabisa. Cha nne kiko chini, nyuma, kati ya shina la ubongo na ubongo mdogo wa kisogoni. Kila chumba cha pembeni kimepinda kwa umbo la herufi C. Kina pembe ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso. Kina kiwiliwili kinachorudi nyuma. Kisha kinapanuka na kuwa kama ukumbi, na kutoka ukumbini zinachomoza pembe mbili, moja ikielekea kisogoni na nyingine ikishuka na kurudi mbele usawa wa sikio. Kwenye mpaka wa pembe ya mbele na kiwiliwili pana tundu dogo, tundu la Monro, ambapo maji hupita kwenda chumba cha tatu. Kutoka hapo hushuka kwa mfereji mwembamba wa Sylvius hadi chumba cha nne, hutoka kwa matundu matatu madogo, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwisho hunyonywa kurudi kwenye damu.

Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji haya kwa siku, yaani kama mililita 20 kwa saa. Kwa wakati mmoja ana mililita 150 hivi tu, kwa hiyo maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Mtoto wa umri wa binti yako hutengeneza pungufu ya hapo, ila utaratibu ni ule ule: uzalishaji hausimami hata njia ikiziba. Ndiyo maana mtoto ambaye shanti yake imeziba anaweza kubadilika hali ndani ya saa chache.

Sehemu kubwa ya maji haya hutengenezwa na pleksasi ya koroidi, utando laini wenye mikunjo na vishipa vingi vya damu, unaoelea ndani ya ventrikali na kutikisika kila moyo unapodunda. Kumbuka mahali unapokaa. Umelala kwenye sakafu ya kiwiliwili cha chumba cha pembeni. Ni mnene zaidi pale ukumbini. Unashuka ndani ya pembe ya chini. Kwa mbele unaingia kwenye tundu la Monro na kwenda kwenye paa la chumba cha tatu, na upo pia kwenye chumba cha nne. Lakini kwenye pembe ya mbele haupo, na kwenye pembe ya kisogo haupo. Kile kitu kama nyama ulichokiona, kwa maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kilikuwa koroidi hii, ingawa wakati mwingine huwa ni chembe za ubongo wenyewe na za ukuta wa ventrikali.

Kwa hiyo daktari anayeweka mpira ana shabaha moja: matundu yote yakae kwenye pembe ya mbele, mbele ya tundu la Monro, yakizungukwa na maji pande zote. Anaweza kufika huko kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa fuvu kwa mbele, mahali panapoitwa pointi ya Kocher, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 11 kutoka shina la pua kurudi nyuma, na sentimita 3 hivi pembeni ya mstari wa katikati. Mpira huingizwa ukiwa na waya mwembamba ndani yake wa kuunyoosha. Mkono unahisi ubongo ukiachia polepole, kisha unahisi mguso mdogo wa kupenya ukuta wa ventrikali, waya unatolewa, na maji yanachuruzika. Safari hiyo ni fupi, kama sentimita 5 au 6 kwa mtu mzima. Njia ya pili ni kutokea nyuma ya kichwa, ambako mpira husafiri kwa urefu wa chumba chote cha pembeni hadi pembe ya mbele. Ina faida yake, maana mpira wa kushuka tumboni hupita nyuma ya sikio bila kuhitaji mkato wa ziada. Tatizo ni kwamba safari hiyo inapita ukumbini, kwenye koroidi nene kuliko kote. Mpira ukiishia njiani, matundu yamelala kitandani mwa koroidi.

Ungetarajia basi njia ya mbele iwe bora moja kwa moja. Hospitali za watoto za Marekani Kaskazini zimezipambanisha njia hizi mbili kwa jaribio la kupiga kura ya nani apate ipi, na hazikuona tofauti kubwa ya jinsi shanti zinavyodumu. Mimi nalisoma tokeo hilo hivi: mahali mpira unapopumzika pana uzito kuliko mlango ulioingilia. Uchambuzi wa picha za watoto waliowekewa shanti ulionyesha kwamba ncha iliyozungukwa na maji hudumu kuliko ile iliyogusa ukuta au kuzama kwenye nyama ya ubongo.

Hapa urefu una maana kubwa. Kwenye katheta ya kawaida, yaani huo mpira wa kichwani, matundu 16 yamepangwa kwa safu nne, na yote yamo kwenye sentimita moja hadi moja na nusu ya mwisho. Kwenye mwili wa mpira kuna alama za kila sentimita, na silikoni yake imechanganywa na bariamu ili ionekane kwenye eksirei. Sentimita moja tu ikikosekana, ncha itakuwa majini huku safu ya juu imo ndani ya nyama ya ubongo. Maji yatatoka vizuri siku ya upasuaji, kila mtu atafurahi, na safu ya juu itaanza kuvamiwa kimya kimya. Mpira ukizidi urefu nao unaingia tundu la Monro au unagota ukuta wa pili.

Kuna jambo jingine, nalo huwaumiza wazazi wengi kwa sababu linaonekana kama dhuluma. Shanti ikifanya kazi vizuri, ventrikali husinyaa. Ndicho tulichokitaka, ubongo upate nafasi yake. Lakini ventrikali zikisinyaa, kuta zinausogelea mpira, na koroidi iliyokuwa mbali sasa inaugusa. Kichwa cha mtoto nacho kinaendelea kukua huku mpira umefungwa kwenye vali juu ya fuvu, hivyo matundu yaliyokuwa mahali pake akiwa na miezi mitano yanaweza yasiwe hapo akiwa na miaka mitatu. Shanti iliyoziba baada ya kufanya kazi zaidi ya miaka miwili haina maana kwamba iliwekwa vibaya. Kwenye jaribio kubwa la mwaka 1998, lililofanywa na hospitali za nchi zenye vifaa vyote, takriban watoto 4 kati ya 10 shanti zao zilishindwa ndani ya mwaka wa kwanza. Jaribio hilo lililinganisha aina tatu za vali, watoto 344, na hakuna vali iliyowashinda wenzake.

Sasa upande wa pili, maji yenyewe. Tundu moja la katheta lina kipenyo cha takriban nusu milimita. Wewe ni fundi, piga hesabu nami: kupitisha mililita 20 kwa saa kwenye tundu moja la ukubwa huo kunahitaji msukumo usiofika hata milimita moja ya kimo cha maji. Vali hufunguka kwenye sentimita kadhaa, mathalani 5, 10 au 15 kutegemea aina iliyochaguliwa. Maana yake ni kwamba tundu moja safi lingeweza kubeba maji yote ya mtoto peke yake. Vali ndiyo inayopima maji. Ukiongeza matundu kutoka 16 hadi 32, kiasi kinachotoka hakibadiliki.

Na maji hayajigawi sawasawa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa hesabu za kompyuta na kwa majaribio ya maabara. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya maji huingia kwenye matundu yaliyo karibu zaidi na vali, na zaidi ya asilimia 80 huingia kwenye safu mbili za juu. Ya nchani karibu yanastarehe. Bila shaka umeliona hili kwenye kazi yako: kwenye skrini ndefu, lile bomba la kisima lenye matundu, sehemu iliyo karibu na pampu ndiyo inayovuta maji mengi. Kisima na ubongo vinatofautiana kwa jambo moja zito. Mchanga unaofuata maji umekufa, unabebwa tu. Ukiuzuia kwa kokoto umemaliza. Koroidi iko hai. Mvuto wa maji unaisogeza, ikishafika inashika, inaota, inajenga vishipa vyake vya damu ndani ya mpira.

Kwa hiyo ukiongeza matundu kwa kurefusha sehemu yenye matundu, umeongeza uwezekano kwamba safu ya juu itaangukia nje ya pembe ya mbele. Umepeleka mlango unaovuta zaidi mahali pabaya zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wahandisi wanakwenda kinyume na unavyopendekeza: matundu machache, kwenye urefu mfupi, karibu na ncha.

Matundu makubwa yana shida yake. Tundu dogo linaweza kufungwa na chembe au protini, lakini mkono wa koroidi haupenyi kirahisi. Tundu kubwa haliogopi chembe, ila limemfungulia mgeni mkubwa mlango. Tena silikoni ni laini. Ukiitoboa sana inakatika wakati wa kuitoa, na kipande kilichobaki ndani ya ventrikali ni balaa jipya. Njia inayonivutia mimi ni ile iliyotokana na utafiti wa 2003: matundu yenye ukubwa tofauti, madogo upande wa vali na makubwa kadiri unavyokaribia ncha, ili maji yajigawe kwa usawa na safu ya juu isivute peke yake. Naipenda kwa sababu inatambua kwamba hasara si sawa. Tundu dogo la juu likifungwa na chembe, umepoteza tundu moja. Likipenywa na koroidi, umepoteza yote.

Chujio ulilowaza limeshajaribiwa. Kulitengenezwa katheta zenye mabawa madogo ya silikoni kuzunguka matundu, yaizuie koroidi isikaribie. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Ndani ya kichwa, koroidi ilijipenyeza kati ya mabawa na kujifunga humo, na siku ya kuutoa mpira ikawa hatari, maana kuvuta kwa nguvu ni kuchana mishipa ya damu ndani ya ventrikali. Hata mpira wa kawaida unaweza kushikwa hivyo. Ukikataa kutoka, daktari hupitisha waya ndani yake na kuchoma kidogo kwa umeme ili koroidi iachie, na wakati mwingine huamua kuuacha wa zamani ndani na kuweka mpya pembeni. Mzazi akimwona mwanawe ana mipira miwili kwenye picha asishtuke, aulize sababu.

Maendeleo yaliyothibitika vizuri zaidi kwenye mpira yamekuja kwenye maambukizi. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la Uingereza na Ayalandi lenye wagonjwa 1,605. Mipira iliyolowekwa dawa za rifampisini na klindamaisini ilipata maambukizi kwa takriban asilimia 2, wakati ya kawaida na ile yenye madini ya fedha ilikuwa kama asilimia 6 kila moja. Kama hospitali yenu ina mipira ya aina hiyo, ni jambo la kuomba. Dawa hizo haziizuii koroidi, lakini maambukizi kwenye shanti ni mabaya kuliko kuziba, kwa kuwa hulazimu kutoa kila kitu na kuanza upya.

Umesema binti yako aliugua homa kali akiwa mchanga, na hili lina uzito. Kwenye hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowapokea kichwa chao kilijaa maji baada ya maambukizi ya ubongo ya uchangani. Ventrikali zilizopitia maambukizi huweza kubaki na makovu na viwambo vinavyokigawa chumba kimoja kuwa vijumba, na maji yake huwa mazito kwa protini na mabaki. Mpira ukiwa kwenye kijumba kimoja hauvuti maji ya jirani. Muulize daktari wenu kama picha ya CT inaonyesha viwambo vya aina hiyo. Jibu lake litabadilisha mpango wa mbele.

Ni Mbale pia ndiko lilikojibiwa swali linalowasumbua wazazi wengi wa kwetu, kama shanti ya bei nafuu ndiyo iliyowaponza. Mwaka 2005 ulichapishwa ulinganisho wa watoto 195, baadhi wakiwa na shanti ya Chhabra kutoka India, iliyogharimu dola kama 35 wakati huo, na wengine wakiwa na ya Codman-Hakim, ya dola mia sita na ushee. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Tafadhali usijilaumu kwa bei ya kifaa alichowekewa binti yako. Hospitali hiyo hiyo iliendeleza njia ya kutotumia mpira kabisa: kwa endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera, daktari hutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, na huichoma koroidi ya vyumba vya pembeni ili itengeneze maji kidogo. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, njia hizo mbili kwa pamoja zilifaulu kwa asilimia 66, na kutoboa peke yake kwa asilimia 47. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya jaribio la watoto 100 hapo hapo, wote wakiwa na tatizo lililotokana na maambukizi: baada ya mwaka, ukuaji wa akili wa waliofanyiwa endoskopi na waliowekewa shanti haukutofautiana. Kwa mtoto aliyekwisha kuwa na shanti, endoskopi huweza kufikiriwa inapoziba, lakini si kila mtoto inamfaa, na makovu ya maambukizi huipunguzia nafasi.

Kuhusu vali nitasema machache, kwa sababu ya binti yako haikuguswa. Mtoto akisimama, maji yaliyo kwenye mpira mrefu wa kwenda tumboni huvuta kwa uzito wake, na vali isiyodhibiti mvuto huo hutoa kupita kiasi. Ventrikali zikinyonywa hadi kusinyaa kabisa, kuta hukumbatia matundu. Kwa sababu hiyo hiyo, nakuomba sana, usibonyezebonyeze kile kiputo kilicho chini ya ngozi ya kichwa kujaribu kama kinafanya kazi. Kiputo kinapojirudi huvuta kwa nguvu nyingi kuliko mtiririko wa kawaida, na kinaweza kuivutia koroidi ndani ya matundu. Kama daktari wenu amewaelekeza mbonyeze, fuateni maelekezo yake. Kama hakusema, kiacheni.

Naandika haya yote kwa kirefu kwa fundi kwa sababu vali ya kwanza ya silikoni iliyoenea duniani ilitengenezwa na fundi mwenye mtoto kama wako. John Holter alikuwa fundi mitambo huko Pennsylvania, Marekani. Mwanawe Casey alizaliwa mwishoni mwa 1955 akiwa na mgongo wazi, na kichwa chake kikajaa maji. Vali za wakati ule zilikuwa zikiziba na kuharibika. Holter alimuuliza maswali daktari wa upasuaji Eugene Spitz, wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, akarudi kwenye karakana yake, na ndani ya miezi michache akapata muundo wenye mikato midogo kwenye silikoni, inayofunguka msukumo ukipanda na kujifunga ukishuka. Mwaka 1956 vali hiyo ilianza kuwekwa kwa watoto. Maswali yako ya matundu na chujio ni ya aina ile ile aliyokuwa akiuliza yeye. Ukikutana na wanafunzi wa uhandisi tiba wa vyuo vyetu, waonyeshe ulichokiona kwenye mpira ule. Wengi wao hawajawahi kushika mpira uliotolewa kichwani mwa mtu.

Kwa sasa, kazi yenu nyumbani ni kuangalia. Mlichokiona mara ya kwanza, kutapika na kusinzia, ndicho mtakachokiona tena ikitokea. Ongeza kuumwa kichwa hasa asubuhi, kulia kusikotulia, macho kuelekea chini na kushindwa kupanda juu, kuyumba anapotembea, degedege, au kurudi nyuma kwa mambo aliyokwisha kuyajua. Homa, wekundu au uvimbe kando ya njia ya mpira, na maumivu ya tumbo vinatufanya tufikirie maambukizi. Lolote kati ya hayo likitokea, hasa kutapika pamoja na usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mseme mlangoni kwamba mtoto ana shanti. Vijijini dalili hizi huchukuliwa kuwa malaria, na kipimo cha malaria kikionyesha vimelea si sababu ya kuisahau shanti. Vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja.

Mkirudi kliniki, omba mambo matatu yaandikwe kwenye daftari la mtoto: aina ya vali na kiwango chake cha kufungukia; urefu wa mpira mpya ndani ya kichwa na upande ulioingilia; na picha ya CT au ya eksirei iliyopigwa akiwa mzima, baada ya upasuaji huu. Picha hiyo ya siku za uzima ina thamani kubwa. Daktari atakayempokea akiugua atailinganisha na ya siku hiyo, na mara nyingi tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua kama anaingia chumba cha upasuaji usiku ule. Muulize pia safu ya juu ya matundu imeangukia wapi safari hii. Mwambie umeuliza kwa sababu uliona ya kwanza iliyoziba ni hiyo. Atakuonyesha kwenye picha.